Bilauri na Maji ya Bahari: Maelezo Juu ya Kito cha Akwamarini

Lugha ya Kiswahili haina upungufu wa majina ya vito. Almasi, yakuti, zumaridi, feruzi, akiki, lulu na marijani ni maneno ambayo hata mtu asiyepata kuvigusa vitu vyenyewe huyafahamu. Tena mengi kati yao yamekuwa majina ya watu, hivi kwamba si ajabu kumkuta Lulu akisuka ukili barazani na Feruzi akirejea kutoka pwani na madema yake. Juu ya yote limo neno johari, ambalo limetoka katika maana ya kito likafika katika maana ya kiini na ubora wa kitu chochote. Lakini kiko kito kimoja chenye sifa kubwa duniani, kinachochimbwa Msumbiji, Malawi, Zambia na Madagaska, yaani pande zote za kusini mwa Waswahili, ambacho hakimo katika orodha hiyo. Nacho ni kile ambacho wafanyabiashara hukiita akwamarini, chenye rangi iliyo baina ya samawati na kijani. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya kito hicho, imani zilizokizunguka na sababu za kupendwa kwake. Na kwa kuwa imani hizo karibu zote zimezaliwa na jina na rangi yake, hapana budi suala la jina lichukue nafasi kubwa kuliko ambavyo lingechukua katika maelezo ya kito kingine.

Kwanza jiwe lenyewe. Kwa mtazamo wa wataalamu wa madini, akwamarini haisimami peke yake. Ni aina mojawapo ya berili, madini yaliyoundwa kwa beriliamu, alumini, silikoni na oksijeni, ambayo hukua katika umbo la nguzo yenye pande sita. Berili iliyo safi kabisa haina rangi hata kidogo. Rangi huletwa na wageni, yaani vitu vingine vinavyopenya kwa kiasi kidogo mno wakati jiwe linapofanyika. Ikiingia kromiamu au vanadiamu, berili huwa zumaridi. Ikiingia manganizi, huwa ya waridi. Kikiingia chuma, huwa ya manjano au ya samawati, kwa kutegemea hali ya chuma hicho. Kwa hiyo zumaridi na akwamarini ni watoto wa mama mmoja, ingawa tabia zao ni mbalimbali: zumaridi hutoka ardhini mara nyingi ikiwa imejaa nyufa na mawaa, ilhali akwamarini huweza kuwa angavu kabisa na kubwa ajabu. Hii ni kwa sababu hukua katika miamba iitwayo pegmatiti, ambayo ni masalio ya mwisho ya uji wa mwamba unaopoa polepole chini ya ardhi, penye maji mengi na nafasi ya fuwele kurefuka. Mnamo mwaka 1910 huko Marambaia, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazil, ilipatikana fuwele moja yenye uzito wa kilogramu 110.5. Nyingine ya jimbo hilo hilo ilichongwa mwaka 1993 na fundi wa Kijerumani, Bernd Munsteiner, ikawa mnara wa karati 10,363, yaani zaidi kidogo ya kilogramu mbili, wenye kimo cha sentimita 35 hivi. Mnara huo umekuwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, tangu mwaka 2012. Mtu aliyezoea kuona kito kikiwa na ukubwa wa punje ya mtama hana budi kustaajabu.

Undugu huu wa vito viwili ulihisiwa zamani sana. Mrumi Pliny, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha habari za viumbe katika karne ya 1, alieleza kwamba kuna watu walioshika kuwa zumaridi na berili ni za asili moja. Hata hivyo uthibitisho ulingoja mpaka mwaka 1798, Mfaransa Vauquelin alipoyachunguza mawe yote mawili kwa njia za kikemia na kugundua ndani yake kitu kilichokuwa hakijajulikana, ambacho baadaye kiliitwa beriliamu. Jiwe ndilo lililokipa kitu hicho jina.

Jina hilo la berili limefanya safari ndefu kuliko jiwe lenyewe, na safari hiyo inawahusu Waswahili kuliko inavyodhaniwa. Chanzo chake kinachokubaliwa na wanaisimu wengi ni Bara Hindi. Katika Kisanskriti liko neno vaidurya, na katika Kipali, lugha iliyohifadhi maandiko ya kale ya Kibudha, liko veluriya. Kusini mwa India, katika upande wa Coimbatore, berili ilichimbwa tangu zama za Warumi. Ptolemy, mwanajiografia wa Aleksandria wa karne ya 2, anapataja mahali paitwapo Punnata kuwa ndipo ipatikanapo. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliovuka kwenda huko kwa upepo ule ule wa kusi ambao majahazi ya Afrika Mashariki yameutumia karne na karne, walilichukua neno hilo wakalifanya beryllos, na Warumi wakalipokea kutoka kwao. Huko Ulaya liliendelea kuzaa. Wajerumani huita miwani Brille na Waholanzi huiita bril, kwa kuwa lenzi za mwanzo zilichongwa katika mawe angavu yaliyoitwa kwa jina hilo.

Tawi la pili la safari ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Kwa njia ya Uajemi, neno hilo hilo liliingia katika Kiarabu likawa billawr, na maana yake ikahama: badala ya jiwe la rangi ya bahari, likawa ni jiwe jeupe lenye kupitisha mwanga, ambalo wataalamu huliita kwatzi angavu. Kutoka Kiarabu likaingia katika Kiswahili, likapoteza mkazo wa ile l maradufu, likageuza aw kuwa au kama ilivyotokea katika tauhidi, likaongezewa irabu ya mwisho, likawa bilauri. Ukiziweka sauti hizi pamoja, veluriya ya Kipali na bilauri ya Kiswahili, utaona kwamba mpangilio wa konsonanti ni mmoja: l imetangulia na r imefuata. Katika Kigiriki mpangilio huo umepinduliwa, r ikawekwa mbele ya l, na lugha zote za Ulaya zikarithi mpinduko huo. Yaani neno ambalo mwanamke wa Lamu au Unguja hulitumia anapomwagiza mtoto amletee chombo cha kunywea sharubati, limeuhifadhi mpangilio wa Kihindi vizuri kuliko neno la kitaalamu linalotumiwa katika maabara za Paris.

Kuna na zaidi ya hayo. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 11, katika kitabu chake cha maarifa ya vito anasema kwamba billawr ilikuwa ikipelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanji na vile vya Dibajat, na huko Basra mafundi wakaichonga vyombo. Maelezo haya ya kitabuni yamepata nguvu kutoka ardhini. Katika kisiwa cha Mayotte, mahali paitwapo Dembeni, wanaakiolojia wamechimbua vipande vingi vya fuwele hiyo, ambayo asili yake inadhaniwa kuwa ni Madagaska. Yamkini sehemu ya vyombo mashuhuri vya bilauri vya enzi ya Wafatimi wa Misri, kama birika lenye jina la khalifa al-Aziz lililohifadhiwa katika hazina ya kanisa la San Marco mjini Venice, yalikuwa mawe yaliyopita katika mikono ya watu wa pwani hii. Jiwe lilitoka Zanji likaenda Basra. Neno likatoka Uarabuni likaja Zanji. Lakini neno lilipofika lilikuta kwamba kitu kinachoingia majumbani si jiwe tena bali ni kioo cha kiwandani, likakishika hicho. Na hata huko sasa linasukumwa: katika miji ya bara ya Kenya watu wengi husema glasi au gilasi, na bilauri imebaki kwa watu wa pwani na katika vitabu.

Yafaa kukumbuka hapa kwamba Pliny alikwisha kulalamika kuwa Wahindi walijua kuzighushi berili kwa kuipaka rangi fuwele nyeupe. Jina la kito na jina la kitu cha kukighushia yamekuwa yakichezeana tangu mwanzo.

Jina la akwamarini, kwa upande wake, ni la juzi. Ni maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya maji ya bahari, nayo yalianza kushika kama jina la kito katika karne ya 17, hasa kwa kitabu cha vito cha Anselmus de Boodt kilichotoka mwaka 1609. Wazo, hata hivyo, ni la Pliny, kwani ndiye aliyesema kuwa berili zilizo bora kuliko zote ni zile zinazofanana na ukijani wa bahari iliyo safi. Kutokana na mfano huo wa rangi, ndipo zilipotoka hadithi. Kwa kuwa jiwe ni la rangi ya bahari, lilidhaniwa kuwa lina urafiki na bahari. Likawa hirizi ya mabaharia, la kuwalinda na dhoruba, kisha likahusishwa na nguva na hazina zao za chini ya maji. Waandishi wa vitabu vya mawe wa Ulaya ya kati waliongeza yao. Askofu Marbode wa Rennes, aliyefariki mwaka 1123, katika utenzi wake wa Kilatini juu ya mawe alilipa berili sifa ya kudumisha mapenzi ya mume na mke, na maji yaliyotiwa jiwe hilo akayasifu kuwa ni dawa ya macho. Wengine walilitumia kutazamia, wakikodolea macho tufe la berili kama waganga wa kwetu wanavyotazama ndani ya bakuli la maji.

Msomaji wa Kiswahili hatashindwa kuutambua mwendo wa fikra hizi. Kitu hupewa nguvu kwa kufanana na kitu kingine, na mfano ukishakaa katika jina hausahauliki tena. Akiki huvaliwa kwa sababu ya sunna na baraka. Lulu husifiwa kwa usafi. Feruzi huaminiwa kulinda na jicho baya. Lakini kwa akwamarini jambo hili limefika mbali zaidi, kwani jina lenyewe si kitu ila mfano. Mtu asiyejua Kilatini akilisikia, halimwambii lolote, wala halimtungii imani yoyote. Ndiyo maana inapasa kutofautisha imani zilizokua zenyewe na zile zilizopandwa. Ile desturi ya kukihesabu kito hiki kuwa ni cha waliozaliwa mwezi wa Machi, ambayo leo husomwa kana kwamba ni hekima ya wahenga, katika sura yake ya sasa imetokana na orodha iliyokubaliwa mwaka 1912 na chama cha masonara wa Marekani, watu waliokuwa na bidhaa ya kuuza.

Kuhusu mvuto wake, si rangi peke yake. Zumaridi huvuta jicho lisimame juu yake, ilhali akwamarini huliruhusu jicho liingie ndani. Hili linatokana na uangavu wake, na wachongaji hulitumia kwa kukata sura pana, zilizonyooka, zenye mapambo machache. Ugumu wake ni wa 7.5 hadi 8 katika kipimo cha Mohs, kwa hiyo huvumilia kuvaliwa kila siku. Waarabu waliokuwa wakiandika juu ya vito waliuita mng'ao wa ndani wa jiwe kuwa ni maji yake, na istilahi hiyo iliingia hata katika biashara ya almasi ya Ulaya. Kwa kipimo hicho akwamarini ni jiwe lenye maji mara mbili, ya rangi na ya mng'ao. Brazil ilipotaka kumtunza Malkia Elizabeth II wa Uingereza kwa kutawazwa kwake mwaka 1953, ilimpelekea mkufu na vipuli vya kito hiki.

Lakini iko kinaya. Jiwe linalotoka ardhini kwa kawaida lina ukijani, kwa sababu ndani yake chuma kiko katika hali mbili, moja ikileta samawati na nyingine umanjano. Likichomwa kwa moto wa kadiri, kiasi cha nyuzi 400 za Selsiasi au zaidi kidogo, umanjano hutoweka na samawati hubaki. Wanunuzi wa karne ya 19 walipenda ukijani ule wa bahari. Wa leo wanataka samawati tupu, basi mawe mengi huchomwa kabla ya kuuzwa. Matokeo yake ni kwamba kito kinachouzwa kwa jina la maji ya bahari kimeondolewa ile rangi iliyompatia Pliny mfano wake, kikapewa rangi ya mbingu. Mvuvi wa Vanga au Pate akionyeshwa mawe mawili, la moto na la ardhini, hatakosa kusema ni lipi lililo na rangi ya maji yaliyo ndani ya mwamba, juu ya mchanga, saa ya maji kujaa.

Sasa Kiswahili kikiite nini? Swali hili si la anasa. Kwa katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, na katika nchi hii na jirani zake wapo wachimbaji wadogo wengi wanaouza mawe kwa Kiswahili. Pasipo jina, mtu hubaki na jiwe la buluu. Chini ya maneno hayo huingia tanzanaiti, topazi iliyobadilishwa rangi kwa mionzi, akwamarini na hata kioo, ilhali bei zao hazikaribiani. Asiye na jina la alicho nacho mkononi humwachia mnunuzi akitaje, na pamoja na jina humwachia bei.

Njia ya kwanza ni ile iliyofuatwa na watafsiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Katika Ufunuo, sura ya 21, palipo na beryllos katika Kigiriki wameweka zabarajadi. Walihitaji neno la heshima wakalipata katika Kiarabu, na kwa kazi yao lilitosha. Lakini zabarjad kwa maana inayoshikwa na wataalamu wa leo ni jiwe jingine kabisa, la kijani chenye umanjano, lililochimbwa tangu kale katika kisiwa cha Bahari ya Shamu kinachobeba jina hilo hilo, Zabargad, na halina hata chembe ya beriliamu. Kinachovutia zaidi ni kwamba katika kitabu hicho hicho, sura ya 4 na ya 22, watafsiri wamelitumia neno bilauri, lakini wamelitumia kwa fuwele nyeupe. Hivyo neno lililo ndugu wa damu wa beryllos lilikuwamo mezani, likapewa kazi nyingine. Hawapaswi kulaumiwa, maana ya bilauri ilikwisha kuhama karne nyingi kabla yao.

Kwa sababu hiyo hiyo, wazo la kuirudisha bilauri katika maana yake ya kale, hata likimfurahisha mwanaisimu, halifai. Bwana atakayemwahidi mchumba wake pete ya bilauri atakuwa amejitafutia maneno. Kwa jina la ukoo mzima, berili inatosha. Ni neno la kitaalamu, limekwisha kutoholewa, na linakaa vizuri katika ngeli ya tanzanaiti.

Kwa kito chenyewe, utohozi wa akwamarini una faida ya kueleweka sokoni, lakini unakichukua kito na kuacha nyuma mfano uliokitukuza. Wachina hawakufanya hivyo. Jina lao lina maana ya kito cha samawati ya bahari. Kiswahili nacho kina njia yake tayari. Rangi zilizo na vivumishi vya asili ni tatu tu, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine zote hutajwa kwa kitu: kijani kwa jani, manjano kwa kiungo cha mchuzi, samawati kwa mbingu, damu ya mzee kwa wekundu uliokoza. Na miongoni mwa hizo imo moja ambayo ni maji: mtu husemwa kuwa ni maji ya kunde, na hakuna anayefikiria chungu. Kito cha maji ya bahari, basi, ni jina lililotungwa kwa kanuni ambayo lugha imekuwa ikiitumia yenyewe. Aidha, kwa mtu wa pwani, bahari yenyewe huitwa maji: maji yamejaa, maji yamekupwa.

Pingamizi moja lapasa kujibiwa. Katika mazungumzo ya masonara, maji ni dalili ya udanganyifu: pete ya maji ya dhahabu ni shaba au fedha iliyopakwa dhahabu juu. Je, mnunuzi hataweza kudhani kwamba kito cha maji ya bahari ni kioo kilichopakwa rangi? Hatari ipo, lakini ni ndogo. Dhahabu ni kitu cha thamani, na ndipo kuipaka huwa ni hila. Bahari haina thamani ya kuibiwa kwa kupakwa. Tatizo lililo kubwa zaidi ni la upatanisho. Jina refu likitumiwa kila siku litafupishwa, ama liwe majibahari, ama neno kito liangushwe yabaki maji ya bahari, na hapo mzungumzaji atajikuta kati ya ngeli mbili. Kwa jiwe moja, ni majibahari hii au ni majibahari haya? Mfano wa yakuti samawi, ambamo jina la jiwe limebaki mbele na rangi ikafuata bila kiunganishi, ungeelekeza kwenye berili bahari, ambayo upatanisho wake hauna shaka. Watunga kamusi wanaweza kulichagua hilo. Lakini kama desturi ya lugha hii ni kama ilivyokuwa kwa maji ya kunde, wachimbaji na masonara hawatawangoja.